Woga wa Dar es Salaam uliniponza Kariakoo, ukaniozesha Kilangala

Wakuu, nawasalimu wote. Shikamoo zenu nazipokea kabla hamjanipa, maana humu ndani sidhani kama yupo anayenizidi umri, labda mwenye mtandao wenyewe.

Naandika kutoka Kilangala, Lindi. Nakaribia tisini. Naandika kwa kidole kimoja, kingine nimekipumzisha.

Wajukuu zangu watawaambia babu anakuza mambo. Ni kweli, lakini nakuza pembeni tu. Katikati napaacha kama palivyokuwa. Kwa hiyo hii si chai, na mkiona ni chai, basi jueni haina sukari.

Sababu ya kuandika: wiki ijayo napelekwa Dar kutolewa mtoto wa jicho. Tangu nimeambiwa, nimeshikwa na woga. Njia ya chooni nimeikanyaga mpaka imekuwa barabara, imebaki kuwekewa lami.

Mjukuu wangu Zainabu ananicheka. "Babu, si Dar tu hapo? Unapanda basi asubuhi, mchana uko Mbagala."

Zainabu hajui kwamba mimi na Dar tuna historia.

Basi kaeni vizuri niwape.

Ilikuwa zama za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa kijana na, naomba niseme bila kuona haya, msomi. Nilifanya kazi ya ghala Lindi mjini, na jioni karani mmoja alitufundisha kusoma na kuandika kwa taa ya kandili. Nilihitimu. Niliporudi Kilangala ni mimi peke yangu niliyeweza kusoma maandishi ya kwenye gunia mpaka mwisho. Watu walikuwa wakiniletea viberiti vitupu niwasomee, na wakiondoka wanasema kijana ana kichwa huyu.

Nikampenda binti mmoja anaitwa Somoe.

Somoe akicheka, kuku wanaacha kudonoa wamsikilize kwanza. (Hapo ni pembeni, nimewaambia.) Na yeye alinipenda, ingawa alikuwa akisema nasoma sana viberiti na jembe sishiki.

Sasa kwetu Wamwera, enzi hizo, mwenye neno juu ya binti ni mjomba. Mama anaweza kupiga vigelegele mpaka koo likauke, mjomba akisema hapana, ni hapana. Baba yake Somoe hakuwepo. Alikwenda mjini kutafuta kazi Somoe akiwa bado ananyonya, na habari zake pale nyumbani hazikuwa zikizungumzwa.

Mjomba wake, Bwana Seif, alikuwa Dar es Salaam, mpakuzi wa meli bandarini. Posa ilibidi imfuate huko huko.

Na si kwamba nilikuwa wa kwanza. Wanaume wawili walishanitangulia. Mmoja alikwenda na miwani ya jua, mwingine na saa ya mkononi. Wote wawili walirudi na hapana, na hakuna aliyejua wamekosea wapi. Kijijini ikasemwa kwamba Bwana Seif ni mkali, anamla mtu bila chumvi.

Tena mposaji hajisemei. Huo ndio utaratibu. Anasema mshenga, wewe unakaa unatazama mkeka kama umedondosha sindano. Ukifungua mdomo kujiombea mke mwenyewe, umejiharibia.

Mshenga wangu alikuwa mjomba wangu wa tumbo moja na mama, Mzee Saidi, ambaye Kilangala nzima ilimwita Mjomba Dasalama. Jina hilo alilipata kwa sababu kila msimu wa korosho alikwenda Dar, na kila akirudi alikuwa na habari mpya za mji.

Wakuu, huyu mzee ndiye aliyenitia woga. Kabla ya safari alinikalisha siku tatu nzima kunipa mafunzo, mafunzo kuliko hata shule ya usiku.

"Mpwa, Dar usisimame kutazama ghorofa. Ukisimama unatozwa kodi ya kutazama."

"Ndiyo, mjomba."

"Magari ya kule hayana breki. Kabla ya kuvuka barabara unatoa shahada, ukifika ng'ambo unashukuru."

"Ndiyo, mjomba."

"Usiku unalala na viatu miguuni. Na kubwa kuliko yote, nisikilize. Akikujia mtu anacheka, anakuchangamkia kama mnajuana, na mkono wake uko kwenye mzigo wako, huyo ndiye! Usimuulize jina. Piga kelele za mwizi mpaka Bagamoyo wasikie."

"Na watu wema hawapo, mjomba?"

"Walikuwepo wawili. Wamehama."

Kufika siku ya safari nilikuwa nimekonda. Mama alinifungia unga wa muhogo, eti huenda Dar hakuna chakula. Bibi alinishika kichwa akaniombea dua ndefu, katikati akapitiwa akaanza ile ya maiti, wakamstua.

Somoe mwenyewe alinijia karibu na zizi, akasema kimya kimya, "Ukiogopa sana, rudi. Nitakungoja hata kama hukufika."

Maneno hayo ndiyo yaliyonipandisha kwenye lori. Msichana anayekwambia rudi ukiogopa, utabakije nyumbani mbele ya macho yake?

Tulipandia Mchinga, lori la korosho, juu ya magunia. Mimi, mjomba, mkeka ambao mama yake Somoe alimsukia kaka yake Bwana Seif, na tenga lenye jogoo mwekundu wa posa. Jogoo mkubwa kiasi kwamba utingo aliuliza kama naye analipiwa nauli.

Njia nzima mjomba alikuwa anahutubia abiria habari za Dar. Mimi nilikuwa nahesabu mikorosho nikiiaga.

Tukafika Somanga, lori likasimama watu wale samaki. Mjomba akala changu mzima, akalamba vidole. Pembeni yetu abiria waliokuwa wanatoka Dar walikuwa wakisimulia juu ya pantoni ya Rufiji, kwamba mto umejaa, kamba zinalia, na mamba wamelala kingoni wanapiga miayo.

Mjomba akaacha kulamba vidole.

Dereva alipopiga honi, mzee hakuinuka. "Mpwa," akasema, "mguu umevimba."

Nikautazama mguu. Ulikuwa ule ule mguu. Nikautazama na wa pili, nikailinganisha, ilikuwa pacha.

"Mjomba, mbona sioni?"

"Uvimbe wa ndani huo. Nenda. Mimi nitakusubiri hapa hapa."

"Na posa nani ataisema?"

"Mungu atakuletea mtu. Nisalimie Dar."

Wakuu, nilipanda lori peke yangu na jogoo. Utingo akanitazama kwa huruma, akauliza, "Yule mzee ni wako?"

"Mjomba wangu. Mshenga wangu. Ana mguu."

Utingo akacheka nusura aanguke kwenye bodi. "Kaka, yule kila msimu tunamteremsha hapo hapo. Akishakula samaki, mguu unavimba. Anakaa Somanga, anawahoji watu wanaotoka Dar, kisha anapanda lori la kurudi."

Yaani Mjomba Dasalama hakuwahi kuvuka Somanga maishani mwake!

Mngefikiri hapo woga ungeniisha, kwa kuwa nimegundua mwalimu mwenyewe ni wa kusimuliwa. Ng'o. Uliongezeka. Sasa nilikuwa nakwenda kwenye mji ambao hata mwenye kuujua alikuwa anaukimbia.

Pantoni tulivuka salama. Mamba mmoja alinitazama, nikamtazama, tukaachana.

Asubuhi iliyofuata lori likatutema Kariakoo, jirani na soko.

Jamani. Watu! Nilidhani kuna msiba mkubwa mahali, wote wanaelekea huko. Baiskeli, mikokoteni, Wahindi, Waarabu, akina mama na mabuibui, mtu amebeba kitanda kichwani na juu ya kitanda pana kabati. Na kelele hizo zote hakuna anayegombana, ndiyo wanazungumza tu.

Nikajituliza kwa elimu. Nikaanza kusoma kila kilichoandikwa ukutani, kwa sauti, kama mtu anayesoma uradi. "Sabuni bora. Fundi saa. Usikojoe hapa." Ilinisaidia kidogo. Usikojoe hapa ilinisaidia zaidi maana nilikuwa karibu.

Kisha ikanibidi kuvuka barabara.

Nikatoa shahada. Nikainua mguu, likapita gari, nikaurudisha. Nikatoa shahada tena. Nilisimama pale ukingoni muda ambao mtu angelima shamba na kulipalilia. Akaja mbuzi, wakuu, mbuzi wa mjini, akatazama kulia, akavuka zake. Alipofika ng'ambo akageuka kunitazama. Yale macho ya mbuzi sijayasahau.

Ndipo mkono ukatua kwenye tenga langu.

Nageuka, naona jibaba limejengeka, mabega kama mlango, linacheka meno yote nje. Kando yake mkokoteni. Alikuwa ameliona lori la Lindi, na ameziona chale zangu kwenye panda za uso.

"Hee! Mateka wangu umefika!" akapaaza sauti. "Na kodi umeniletea! Jogoo mnene namna hii! Babu yako alimwahidi babu yangu siku ile alipovutwa miguu kutoka kwenye shimo la mhanga."

Na tenga likaondoka mkononi mwangu.

Hapa niwasimamishe kidogo kwa ajili ya vijana. Mmwera na Mngoni ni watani. Babu zetu walipigana, wa kwetu wakajificha mpaka kwenye mashimo ya wanyama, mwisho wote wakachoka, wakaachiana utani. Mngoni akikuta kofia yako anaichukua. Wewe ukikuta kigoda chake unakikalia na kumwamuru akubebe. Kukasirika hakuna. Anayekasirika ndiye mkosaji, tena anatozwa faini na watu wote wanamzomea.

Na mimi utani niliujua kuliko jina langu! Kilangala alikuwa akija Mngoni mmoja anauza tumbaku. Mimi mwenyewe niliwahi kumpanda mgongoni nikamwambia, "Twende, punda." Akanizungusha kijiji kizima.

Kwa hiyo maneno ya yule bwana, babu na shimo la mhanga, yangesemwa Kilangala, hata mtoto wa miaka mitano angejua huyu mtani. Lakini masikio yangu yalikuwa yamejaa mjomba. Anacheka. Ananichangamkia. Mkono uko kwenye mzigo. Huyo ndiye!

Nikavuta pumzi yote iliyokuwepo Kariakoo, nikaitoa.

"MWIZIIIII!"

Soko zima likageuka.

Wakuu, msilifanyie mzaha neno lile. Nilitazama watu wakiokota. Huyu jiwe, yule kipande cha kuni, mwuza nyama alitoka na kisu bado kina damu. Wakatuzunguka. Na yule bwana, kicheko kilimtoka usoni mara moja. Aliweka tenga chini taratibu, akainua mikono.

"Mmwera," akaniambia, na safari hii sauti ilikuwa ndogo. "Unanifanyia nini, Mmwera?"

Alivyoniita kabila langu vile, kwa uchungu kama ndugu, nikamtazama tena. Nikaanza kuelewa, lakini mdomo haukutoa neno. Nilikuwa nimemaliza sauti yote kwenye ile moja.

Bahati akatokea askari, kaptula imenyooshwa mpaka inakata upepo. Akasukuma watu. "Nani mwizi, nani mwenye mali?"

Nikaonyesha kwa kidole. Nikatamani kukirudisha.

"Wewe kabila gani?"

"M... Mmwera. Wa Kilangala."

"Na wewe?"

"Mngoni wa Songea," akasema yule bwana. "Jina Kosmasi Komba. Mkokoteni huo wangu. Huyu mateka wangu."

Askari akanitazama, akamtazama Kosmasi, akanitazama tena. Shavu moja likaanza kumcheza.

Mama mmoja mwuza vitumbua ndiye aliyepasuka kwanza. "Yallah! Mmwera kampigia Mngoni kelele za mwizi!"

Wakuu, Kariakoo ilicheka mpaka njiwa wakaruka kwenye mapaa. Mwuza nyama alikaa chini na kisu chake. Askari aligeukia ukuta, mabega yanatikisika. Mama wa vitumbua akanijia, akaniambia, "Mwanangu, kwenu hawakukufundisha?"

"Walinifundisha, mama. Nimesahau njiani."

Kosmasi naye, alipoona mawe yametupwa, akajilaza chali katikati ya barabara, akafumba macho. "Nimekufa! Mateka wangu ameniua! Nizikeni kwa gharama yake!" Magari yakasimama. Kumbe yana breki!

Askari akajifuta machozi akatoa hukumu. "Kesi hii siipeleki kokote, bwana mkubwa Mzungu hataielewa. Mlipe mtani wako faini, mwende zenu."

Maiti ikafumbua jicho moja. "Faini ni jogoo."

"Siwezi!" nikasema. "Jogoo ni wa posa!"

"Posa ya nani?"

Ndipo nikalazimika kueleza mbele ya umma ule. Habari za Somoe, mjomba wake bandarini, mshenga niliyemwacha Somanga na mguu wake.

"Umevimba ndani?" akauliza Kosmasi.

"Ndani."

Akafa tena kwa kicheko. Alipoinuka alijikung'uta vumbi, akalipachika tenga kwenye mkokoteni, akaniambia, "Jogoo ni wangu, hilo limekwisha. Ila mateka wa babu yangu hawezi kukosa mke kwa kukosa mdomo. Mshenga ni mimi. Shika mkokoteni, nikuvushe."

Nikavuka barabara ya Kariakoo nimeshika ubavu wa mkokoteni kama mtoto aliyeshika kanga ya mama yake. Mbuzi alikuwa bado yupo.

Bwana Seif tulimkuta uani kwake, amekaa kwenye kigoda anaosha miguu baada ya zamu. Mtu mzito, kimya, mikono kama makasia. Nikashika adabu zote nilizonazo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Nikautandika mkeka wa dada yake, nikakaa, nikaanza kuitafuta ile sindano. Kosmasi hakupiga hodi wala hakungoja kukaribishwa. Akakaa, jogoo mapajani, akaanza.

"Mzee, nimekuletea mateka wangu, anataka mke. Namtangaza bidhaa kama ilivyo, usije ukasema nilikuficha. Ni mwoga. Huyu ameogopa gari lililosimama. Ameshindwa kuvuka barabara, mbuzi akavuka. Mimi nimemshika mzigo kwa mapenzi, amenipigia kelele za mwizi, nusura watoto wangu wawe yatima. Anasoma kuta. Mshenga wake amekimbilia samaki. Hana miwani, hana saa, na sasa hana hata jogoo."

Kila neno lilikuwa kweli! Nilitamani mkeka unimeze. Nilimwona Somoe anapotea mbele ya macho yangu kama lori linavyoishia kwenye kona.

Na Bwana Seif hakucheka. Hata kidogo. Alimaliza kuosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto. Kisha akanigeukia mimi mwenyewe.

"Kijana, waliokutangulia niliwauliza swali moja. Na wewe nakuuliza. Dar es Salaam umeionaje?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo. Mjomba Dasalama alinifundisha: sema tamu, mjomba, Dar tamu sana, utahamia ukipata nafasi. Watu wa mjini wanapenda kusifiwa mji wao. Nilifungua mdomo niseme hivyo hivyo.

Nikakumbuka kwamba aliyenifundisha yuko Somanga.

"Mjomba," nikasema, "naiogopa. Nilianza kuiogopa Mchinga, na hapa nilipokaa naiogopa. Ukinipa Somoe, naondoka na lori la kesho. Ukininyima, naondoka na lori la kesho."

Kosmasi akanitazama kama nimemharibia biashara.

Bwana Seif akajifuta miguu polepole. "Baba yake Somoe," akasema, "alikuja na lori kama hilo lako. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Nilimuuliza, akaniambia, shemeji, Dar tamu. Dada yangu alikuwa anamnyonyesha huyo binti. Mpaka leo Dar ni tamu. Anakaa mitaa mitatu kutoka hapa, ana mke, ana watoto. Tukikutana sokoni anahamia upande wa pili wa barabara."

Akamwaga maji ya miguu.

"Yule wa miwani aliniambia tamu. Yule wa saa aliniambia tamu sana."

Nikarudi kwenye mkeka kutafuta sindano yangu.

"Somoe mwoe," akasema Bwana Seif. "Ila uendelee kuogopa hivyo hivyo. Usije ukapona."

Hapo ndipo akacheka. Nadhani kicheko alikuwa nacho tangu Mngoni alipoanza kuongea, alikuwa amekibana tu. Alipokiachia, majirani walichungulia.

Jogoo alichinjwa jioni ile. Kosmasi akampika, wakala yeye na Bwana Seif. Mimi sikula, kwa kuwa mkwe hali sahani moja na wakwe zake, kwetu ni aibu. Nilikaa upande wa pili wa ukuta na uji wa unga wa muhogo wa mama, nasikia Kosmasi anasimulia kwa sauti, "Aaah, paja hili! Mateka, unasikia? Paja limenona!"

Nililala na viatu, na kesho yake nikaondoka kama nilivyoahidi.

Somanga nilimkuta Mjomba Dasalama anapunga mkono, mguu umepona. Njia nzima alinihoji: ilikuwaje, nani kasema nini, askari kavaa nini. Nikadhani ananijali.

Tulipofika Kilangala, wazee wakakusanyika. Mjomba akakohoa, akaanza, "Basi tulipofika Kariakoo, mimi na mpwa, akatokea Mngoni, nikamwambia mpwa tulia, huyu mtani..."

Nikamtazama. Akanitazama. Ni mjomba wangu, jamani. Nikasema, "Ndiyo, mjomba."

Somoe ndiye aliyeujua ukweli, nilimwambia siku ile ile. Alicheka, kuku wakaacha kudonoa.

Tumeishi naye miaka mingi mno, mashamba ya korosho tumeyapanda pamoja. Baada ya Uhuru alikwenda Dar peke yake kumwuguza mjomba wake. Aliporudi nikamuuliza vipi? Akasema, "Mbona watu tu?" Nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Kosmasi alikuja Kilangala karibu kila msimu. Hakuwahi kupiga hodi, na hakuwahi kuondoka bila jogoo. Somoe alikuwa akimfugia mmoja maalumu, mwekundu, tukimwita Faini.

Kosmasi alitangulia. Miaka minne iliyopita na Somoe akafuata. Siku ya mazishi, tumeinama wote, akatokea kijana mwenye mabega kama mlango, akasukuma watu, akajilaza kando ya kaburi na kusema hatoki mpaka alipwe, kwa sababu mateka wa babu yake hawezi kuzikwa bure. Alikuwa mjukuu wa Kosmasi. Katoka Songea kwa ajili hiyo. Nilicheka huku nalia, na nadhani nisingecheka siku ile, na mimi wangenizika.

Basi wakuu, nilichojifunza ni hiki. Woga wa safari si ugonjwa wa kuonea aibu. Mimi umenilisha muhogo siku ya jogoo, lakini umenipa mke. Kibaya ni kuwaogopa watu wote kwa maneno ya mtu mmoja aliyeishia Somanga. Ukienda ugenini uende na woga wako, ila masikio yako uyasafishe kwanza.

Nami ushauri nautoa, lakini njia ya chooni bado naikanyaga.

Kwa hiyo naomba mlioko Dar mnisaidie. Barabara za sasa zinavukwaje? Mbuzi bado wapo? Na kubwa zaidi: watani bado wapo, au wamehama kama wale watu wema wawili?

Kama kuna Mngoni anayesoma hapa, Jumanne mchana nitateremka Mbagala. Utamwona mzee mfupi, kofia ya kijani, chale kwenye panda za uso, anasoma kuta. Mkononi nina tenga, ndani yake jogoo mwekundu.

Njoo unipokonye. Safari hii sipigi kelele.